Kata na Mtungi

Saa tisa za usiku, Itoman, jogoo bado wamelala,
Seijun Yonamine anasaga soya.
Jungu linatokota. Anatia maji ya bahari kidogo,
maziwa yanaganda kuwa tofu,
na mvuke unampanda kifuani kama mtu anayemfahamu.
Miaka themanini na mitatu. Hajawahi kuchelewa kazini.

Kazi ya pili iko uani.

Pana gogo lililosimikwa, limezongwa kamba ya mpunga,
limepigwa ngumi hadi likapata kiuno.
Pana jiwe lenye mpini.
Na pana mitungi miwili, ya kubebwa kwa ncha za vidole tu,
huku miguu ikichora mwezi mchanga ardhini:
hatua, pumzi, hatua.

Si mitungi pacha.
Wa kulia ulinunuliwa Tsuboya kwa fedha ya tofu.
Wa kushoto ulikuwa pangoni, mwaka wa mabomu.
Mama yake alitoka nao usiku kuteka maji.
Mtungi ulirudi, umebebwa na mwanamke mwingine,
umejaa.
Walikunywa. Alikuwa na miaka minne, naye alikunywa.

Hilo hajalisimulia darasani hata siku moja.
Dada yake ndiye aliyelitaja, akikwangua mbegu za karela,
kisha akaendelea kukwangua.

Mwalimu wake, mzee Kabira fundi baiskeli,
alimpa kata moja kwa miaka minne.
Kata: mfuatano wa mapigo na pumzi,
si kata ya kifuu, si ya kutekea maji,
ingawa Kabira aliifundisha kama mtu anayeteka:
inama, jaza, inuka, usimwage.
Na kila mwezi ukiwa mchanga,
konzi moja ya mchanga mtungini. Haizidi.
Kijana akauliza, nitapigana lini?
Kabira akampa spana, akaze gurudumu la mbele.

Miaka ikaenda hivyo. Harusi, tufani iliyoondoka na paa,
watoto watatu wasioipenda karate,
ndege za kijeshi zikimkatiza katikati ya sentensi.
Usiku mmoja, karibu na kituo cha basi,
askari mlevi, mgeni, mrefu kama mlango,
alimjia na chupa.
Tulitaka kujua: ulimpiga wapi, Mwalimu?
"Nilimshika mkono. Ulikuwa unatetemeka.
Nikangoja hadi alipomaliza kutapika.
Nikampa tofu."

Mwaka juzi vidole vya kushoto viliuachia mtungi.
Ukaangukia nyasi, haukuvunjika.
Aliutazama muda mrefu.
Mwezi ulipoandama akaanza kutoa: konzi moja,
na mwezi uliofuata, konzi moja.
Haba na haba hujaza kibaba, tumeimbiwa tangu utotoni;
nani alitufunza namna ya kukishusha?
Mchanga aliumwaga kando ya lango,
paka wa jirani akaufanya choo.
Mwalimu alicheka hadi akashika ukuta:
"Nguvu zangu za miaka sitini!
Na tazama anavyofukia vizuri."

Jana niliwahi. Mtungi wa kushoto ulikuwa mtupu.
Hakuunyanyua kwa vidole.
Aliupakata kama mtoto aliyesinzia,
akaujaza bombani, akauweka kivulini,
akasimama mbele yake mikono mitupu,
na miguu ikauchora ule mwezi,
hatua,
pumzi,
polepole mpaka nikadhani amesahau inayofuata.
Hakusahau.

Alipomaliza alichukua kata ya mwanzi,
akateka, akanipa mimi kwanza.
Maji yalikuwa na ladha ya udongo.
Nikanywa. Akanywa.

Kisha akaniambia bega langu la kulia liko juu.